Kwa nini chubwi haigeuki dhahabu

Mwezi uliopita niliandika hapa, mistari miwili tu, kwamba urani na thori, elementi nzito zilizomo ardhini, hubadilika polepole, hatua kwa hatua, na mwisho wa safari yao ni risasi, ile metali nzito ya chubwi zinazozamisha mshipi wa mvuvi. Nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Ujumbe umekuja kwa simu, barua zimeletwa kwa mkono hapa barazani kwangu Ngamiani, na moja imeandikwa nyuma ya risiti ya duka la vipuri vya baiskeli. Nimechagua nne, zote za jambo hilohilo. Aliyeuliza kuhusu betri za sola anivumilie mwezi mmoja.

Bi Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni mvuvi wa mshipi. Chubwi zangu naziyeyusha mwenyewe kutokana na betri kuukuu za gari. Unasema urani inateremka mpaka inakuwa risasi, halafu basi. Kwa nini isimame hapo? Si ingeteremka kidogo tu ikawa dhahabu, nasi tukapumzika na bahari? (Mvuvi, Sahare)

Waaleikum salaam, kaka yangu. Umekaribia kuliko unavyodhani. Kiini, yaani kitovu cha atomi, kina chembe za aina mbili: protoni zenye chaji na nyutroni zisizo nayo. Cha risasi kina protoni 82, cha dhahabu 79. Tatu tu! Lakini viini vizito hivi vinapoteremka hutema kifurushi cha protoni mbili na nyutroni mbili kwa mpigo. Toa mbili kwenye 82 utapata 80, na 80 ni zebaki. Toa mbili tena, 78, platini. Dhahabu ingerukwa, nawe ungebaki na chupa ya sumu.

Inasimama kwa sababu ya 82 yenyewe. Kuna namba chache ambazo kiini kikizifikia huwa kigumu kuliko majirani zake wote: 2, 8, 20, 28, 50, 82, na kwa upande wa nyutroni 126. Wataalamu wanaziita namba za mazingaombwe. Jina hilo linatokana na mzaha wa mwanafizikia Eugene Wigner, ambaye mwanzoni hakuziamini. Sisi watu wa Tanga tunataniwa vya kutosha kwa mambo ya uganga, kwa hiyo nasema mapema: hakuna hirizi humu.

Risasi 208 (namba hiyo ni jumla ya chembe za kiini) ina protoni 82 na nyutroni 126. Imejaa pande zote mbili, yaani protoni zake na nyutroni zake zote zimefikia namba hizo. Thori 232 huishia hapo hapo. Urani 238 huishia kwenye risasi 206, na urani 235 kwenye 207, jirani kabisa. Katika risasi ya kawaida zaidi kidogo ya nusu ni hiyo 208, kwa hiyo kila chubwi unayoizamisha nusu yake na ushei ni viini vilivyojaa kotekote.

Ugumu wake unapimika. Kila kiini kina ngazi zake za nishati, na kukiamsha ni kukipandisha ngazi ya kwanza. Kwa risasi 206 bei ya ngazi hiyo ni 0.80. Kwa risasi 208, nyutroni mbili tu zaidi, bei ni 2.61. Kipimo ni milioni za elektroni-volti. Usikihangaikie, tazama tu bei ilivyopanda zaidi ya mara tatu.

Sasa nikugombeze kidogo. Kuyeyusha betri nyumbani kunatoa moshi na vumbi la risasi, na watoto ndio wanaoumia zaidi, kichwani. Usiyeyushie jikoni, na sufuria hiyo isirudi kupikiwa ubwabwa hata ukiisugua kwa mchanga siku nzima. Ukiweza kununua chubwi zilizokwisha kutengenezwa, nunua.

Shikamoo Bi Mwalimu. Niko mwaka wa tatu chuoni, nimerudi Makorora likizo. Nimepewa mada niiandikie: modeli ya maganda kwa viini vilivyo karibu na maganda yaliyojaa. Namba nazielewa. Nisichoelewa ni hilo neno "karibu". Kwa nini wataalamu wa modeli hiyo wanakaa jirani na ganda lililojaa tu? Kwingine wanaogopa nini? (Mwanafunzi, Makorora)

Marahaba, mwanangu. Mada yako yote imo ndani ya neno hilo.

Kwanza ondoa ganda la yai kichwani, na la kitunguu pia. Kiini hakina kuta ndani. Ganda ni kundi la nafasi zenye nishati zinazokaribiana. Juu yake kuna mwanya mkubwa, ndipo lianze kundi jingine. Mimi hulifikiria basi la Pangani la asubuhi. Viti vina watu wote, na sheria ya Wolfgang Pauli ya mwaka 1925 haina mchezo: kiti kimoja, chembe moja, hakuna kupakatana. Basi likishajaa hivyo aliyeketi hawezi kuhama hata akitaka. Ahamie wapi, kiti cha pili kina mwenyewe. Labda apande juu ya keria, na huko ni gharama kubwa. Kwa hiyo waliokaa wametulia kana kwamba hawapo. Vurugu yote ya safari ni ya yule mmoja aliyesimama mlangoni.

Ndiyo maana ya "karibu". Chukua risasi 209, yenye nyutroni moja zaidi ya zile 126. Kiini kina chembe 209, lakini ukipima ngazi zake za mwanzo, 0.78, kisha 1.42, kisha 1.57, unakuta ni ngazi za nyutroni moja inayohama nafasi. Wenzake 208 wamekaa kimya. Bismathi 209 ni hadithi hiyohiyo kwa protoni: moja imezidi 82, na ngazi zake mbili za mwanzo ni 0.90 na 1.61.

Upande wa pili ni mtamu zaidi. Risasi 207 imepungukiwa nyutroni moja, yaani basi limejaa lakini kiti kimoja kitupu. Sasa wa jirani anaweza kuhamia kile kiti, na wa nyuma yake akakichukua cha kwake. Ukitazama kutoka nje ya dirisha, unachokiona kikitembea ni kiti kitupu. Pengo linafanya kazi kama abiria. Lina ngazi zake pia, 0.57, halafu 0.90, na mahesabu yake ni mepesi kama ya chembe moja.

Hapo bado hatujafika kwenye kazi yenyewe. Kazi inaanza wakisimama wawili. Risasi 210 ina nyutroni mbili juu ya ganda, na sasa wawili hao wanasukumana, wanashikana, wanasemezana. Ngazi zake za mwanzo ni 0.80, 1.10, 1.20 na 1.28. Ziandike kwenye karatasi uone umbo lake: hatua ya kwanza ndefu, kisha tatu zimebanana juu kama watu kwenye foleni ya maji. Nenda polonia 210, yenye protoni mbili juu ya 82, utakuta 1.18, 1.43, 1.47, 1.56. Umbo ni lilelile. Chembe mbili za aina moja zinapenda kufungana jozi, moja ikizunguka kinyume cha mwenzake. Kuvunja jozi ndiyo bei kubwa. Ikishavunjika, kujipanga upya ni chenji tu.

Hivyo ndivyo wanavyofanya kazi. Kutoka kwa mwenye chembe moja wanachukua ngazi. Kutoka kwa mwenye mbili wanajifunza nguvu iliyopo kati ya chembe na chembe. Kisha wanathubutu kutabiri mwenye tatu, mwenye nne, na vipimo vinawasahihisha. Nilipokuwa nafundisha nililiona hili kama ujanja wa kukwepa kazi. Siku hizi nasema ni akili: anzia pale ambapo wengi wamenyamaza.

Na kwingine wanaogopa nini? Wanaogopa kuhesabu. Ganda la nyutroni lililo juu ya 126 lina nafasi 58. Nyutroni mbili unaweza kuzipanga humo kwa njia 1,653. Zifanye nne: njia 424,270. Weka pamoja nazo protoni nne juu ya 82, kwenye ganda lenye nafasi 44, na njia zinakuwa zaidi ya bilioni 57. Nimezipiga mwenyewe kwa kikokotoo cha mjukuu wangu, na chembe zilizo nje bado ni nane tu. Kweli wataalamu wanachuja nyingi kwa kanuni za ulinganifu, na kompyuta zao si kikokotoo cha mjukuu, lakini unaona jambo linavyokimbia. Ukienda katikati kabisa, mbali na ganda la chini na mbali na la juu, kiini chenyewe kinaacha kuwa duara, kinarefuka kama mpira wa raga, na watu huko wanatumia njia nyingine.

Jambo moja uliweke kwenye andiko lako kwa sababu wengi hulisahau. Waliokaa hawajafa. Oksijeni 16 imejaa pande zote, 8 na 8. Oksijeni 17 ina nyutroni moja juu. Nyutroni haina chaji, kila mtoto wa kidato cha pili anajua. Lakini ukipima jinsi kiini hicho kinavyotoa mionzi kikishuka kutoka ngazi yake ya 0.87, ni kana kwamba ile nyutroni imebeba karibu nusu ya chaji ya protoni. Imeitoa wapi? Imewaegemea waliokaa. Aliyesimama anayumba, anamshika mwenzake bega, na bega nalo linasogea. Kwa hiyo chaji na nguvu wanazotumia kwenye modeli si zile za chembe iliyo peke yake. Ni zilizorekebishwa ili zibebe mtikisiko wa waliokaa. Mtu akikwambia modeli ya maganda inadharau kiini kizima isipokuwa chembe mbili tatu, mwonyeshe oksijeni 17.

Hukuniuliza namba zinatoka wapi, lakini nina deni la zamani, nilipie hapa.

Miaka hiyo nikiwa kijana nafundisha fizikia, nilichora ubaoni grafu ya nishati inayofunga kiini. Nilifundisha kiini kama tone la maji, kwa fomula ya Carl Friedrich von Weizsäcker ya mwaka 1935, na fomula hiyo inatoa mchirizi laini, mzuri kwa chaki. Kijana mmoja wa dawati la nyuma alikuwa na kitabu chenye vipimo vyenyewe. Akanyosha mkono: "Mwalimu, mbona hapa na hapa kuna vinundu?" Nikamjibu kwamba ni makosa ya upimaji. Nilijibu haraka, kwa sauti ya mwalimu, na darasa likaendelea. Vile vinundu vilikuwa ndizo namba za mazingaombwe. Nilikuja kulijua hilo baada ya miaka mingi, naye simjui aliko.

Sasa jibu. Ukiweka chembe ndani ya bakuli la nishati la kawaida, maganda hujaa kwenye 2, 8, 20, kisha 40, 70, 112. Tatu za mwanzo sawa, zilizobaki zote kombo. Asili inasema 28, 50, 82, 126. Watu walikwama hapo. Mwanafizikia Maria Goeppert Mayer alikuwa Chicago akilikusanya jambo hili. Siku moja akizungumza na mwanafizikia mwenzake Enrico Fermi, Fermi akaitwa kwenye simu, na akiwa anatoka akamtupia swali: kuna dalili yoyote kwamba mwendo wa chembe umefungamana na kujizungusha kwake? Mama akaona yote kwa mara moja.

Yeye alilieleza kwa densi ya waltz. Mimi nitalieleza kwa mduara. Watu wanazunguka uwanja, na kila mmoja huku anazunguka anajigeuza pia mahali pake. Anayejigeuza kufuata upande wa mduara kwake ni rahisi, anayejigeuza kinyume anachoka. Ndani ya kiini, anayefuata upande hushuka nishati, na kadiri duara lake lilivyo na mwendo mkubwa ndivyo anavyoshuka zaidi. Basi katika kila kundi la juu, wale wa duara kubwa kabisa wanashuka mpaka wanajiunga na ganda la chini. Wanashuka wanane: 20 na 8 ni 28. Wanashuka kumi: 40 na 10 ni 50. Kumi na wawili: 70 na 12 ni 82. Kumi na wanne: 112 na 14 ni 126. Sijui hesabu nyingine ya kujumlisha iliyowahi kunifurahisha namna hii.

Hiyo ilikuwa 1949. Mwaka huohuo Hans Jensen, pamoja na Otto Haxel na Hans Suess huko Ujerumani, walifikia jibu hilohilo bila kujuana naye. Badala ya kugombana, Maria na Jensen waliandika kitabu pamoja, kikatoka 1955, na 1963 wakagawana nusu ya Nobeli ya fizikia. Nusu nyingine alipewa nani? Wigner, yule wa mzaha, ingawa kwa kazi yake nyingine. Maria alikuwa mwanamke wa pili kuipata ya fizikia baada ya Marie Curie wa 1903. Wa tatu akaja 2018. Na miaka mingi ya utafiti wake vyuoni alifanya bila mshahara, kwa kuwa mume wake tayari alikuwa ameajiriwa palepale. Hilo sitalitolea maneno, nina shinikizo la damu.

Bi Mwalimu, mjukuu wangu ananisomea safu yako. Nina nyumba ya mawe ya matumbawe na kuku kumi na wawili. Mambo ya viini yananihusu nini? (Mama, Mwambani)

Dada yangu, sitakudanganya kwamba yatakuongezea mayai. Lakini hiyo nyumba yako inahusika sana. Matumbawe, na chokaa iliyochomwa kutokana nayo, asili yake ni kalisi kaboneti. Kati ya viini 100 vya kalisi, kama 97 ni kalisi 40: protoni 20, nyutroni 20, imejaa kotekote. Oksijeni yake karibu yote ni ile 16. Ukipima jiwe safi la namna hiyo kwa uzito, sehemu kama 87 kati ya 100 ni viini vilivyojaa pande zote mbili. Magofu ya Tongoni yamejengwa kwa mawe hayohayo. Sisemi ndiyo sababu yamesimama karne zote hizo. Hiyo ni kazi ya chokaa nzuri na waashi waliojua kazi yao.

Matumizi yapo pia. Thori ikiwa njiani kwenda risasi 208 hupitia thali 208, nayo inapogeuka risasi hutoa mwale wa gama wa ile bei ya 2.61 niliyomtajia mvuvi. Mwale huo una nguvu kuliko karibu yote itokayo kwenye udongo, hivyo haupotei kati ya mingine. Watafiti wa madini hupita angani na ndege zenye vipimo, wanausaka huo, wanajua chini yao kuna thori kiasi gani.

Shikamoo Bibi. Niko kidato cha sita. Kitabu chetu kinasema namba za mazingaombwe ni zilezile kwa viini vyote. Ni kweli? (Mwanafunzi, Chumbageni)

Marahaba, mjukuu wangu. Kwa viini unavyoweza kuvishika mkononi, kweli. Kwa vile vya maabara vilivyojazwa nyutroni kupita kiasi, hapana.

Kalisi 40, yenye nyutroni 20, bei yake ya ngazi ya kwanza ni 3.35. Magnesi 32 nayo ina nyutroni 20 zilezile, lakini protoni zake ni 12 tu. Bei yake? 0.89. Mwanya uliokuwa juu ya 20 umefifia, nyutroni zinaruka juu bila shida, na kiini kimerefuka. Upande mwingine namba mpya zinazaliwa: oksijeni 24, yenye nyutroni 16, inafanya mambo ya kiini kilichojaa, na hiyo 16 haimo kwenye orodha ya kitabu chako. Namba nyingine zinashika hata mbali: nikeli 78, yenye 28 na 50, ilipimwa Japani kwenye maabara ya RIKEN na majibu yake, yaliyotoka 2019, yalionyesha imejaa kweli.

Hapohapo RIKEN, mwaka 2023, walitangaza wameiona oksijeni 28. Protoni 8, nyutroni 20, zote mbili namba za kitabuni. Kwa orodha yako ilitakiwa iwe imara kama chubwi ya yule mvuvi wa Sahare. Haikushikana. Ilipotokea tu ilitupa nyutroni nne, ikaacha oksijeni 24 na zile 16 zake.